Sonona Baada ya Kujifungua na Kunyonyesha: Mwongozo Kamili kwa Mzazi na Walio Naye Nyumbani

Mzazi akirudi nyumbani kutoka leba, anaulizwa jambo moja kuliko yote: maziwa yanatoka? Anauliza mama mkwe, anauliza jirani aliyeleta uji kwenye hotipoti, anauliza wifi kwa simu kutoka Kasulu. Swali la "na wewe mwenyewe je?" likija, linajibiwa "namshukuru Mungu" na mazungumzo yanarudi kwa mtoto. Maswali hayo mawili hayatengani. Mama mwenye sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, hupata shida kunyonyesha, na mama anayepata shida kunyonyesha yuko karibu zaidi na sonona. Ukishughulika na upande mmoja ukauacha mwingine, utazunguka palepale.

Nimeandika haya nikiwa na Kigoma machoni: nyumba za Ujiji ambako arobaini bado inahesabiwa, mialo ya Kibirizi na Katonga ambako mama anarudi kuanika dagaa kabla mwili haujapona, na vijiji vya kando ya ziwa ambako kwenda hospitali ni kusubiri boti. Aliyeko Tabora au kwingineko atabadilisha majina ya mahali tu.

Kabla ya hatua: maziwa na moyo vinavyovutana

Kondo la nyuma likishatoka, homoni za ujauzito, estrojeni na projesteroni, zinashuka kwa kasi ndani ya siku chache. Kushuka huko ndiko kunakofungulia maziwa kujaa, kwa kawaida kati ya siku ya 2 na ya 4. Na ni kushuka hukohuko kunakomtikisa mama moyoni. Ndiyo maana siku ambayo matiti yamejaa mpaka yanang'aa na mtoto hajui kushika, mara nyingi ndiyo siku ambayo mama analia na hajui analilia nini.

Maziwa yenyewe yana kazi mbili, kutengenezwa na kushuka. Kutengenezwa kunasimamiwa na homoni ya prolaktini, nayo hupanda kila mtoto anaponyonya. Kushuka kunasimamiwa na oksitosini, na hii ndiyo yenye haya. Maumivu, hofu na kelele za watu huizuia kwa muda. Maziwa yapo titini, hayashuki. Mtoto anapiga kelele, mama anasema "sina maziwa," hofu inazidi, na oksitosini inajificha tena. Upande wa pili, mama aliyelemewa na sonona hana nguvu ya kumweka mtoto titini mara 8 hadi 12 kwa siku, na titi lisiponyonywa hupunguza kutengeneza.

Je, kunyonyesha kunakinga sonona? Jibu lina pande mbili. Mwaka 2014 ulitoka utafiti wa Uingereza uliotumia kumbukumbu za uzazi zipatazo 14,000. Akina mama waliokuwa wamepanga kunyonyesha na wakafanikiwa walikuwa na uwezekano mdogo wa kupata sonona. Waliopanga kunyonyesha wakashindwa ndio waliokuwa na hatari kubwa kuliko wote. Kwa maneno mengine, kinachoumiza zaidi ni kutaka na kukosa, tena bila mtu wa kusaidia. Kwa hiyo bango la kliniki linalosema maziwa ya mama ni bora linasema kweli, lakini bango halimshikii mtu mtoto saa nane za usiku.

Na usidhani ni jambo la wachache. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika nchi zinazoendelea karibu mama 1 kati ya 5 hupata tatizo la afya ya akili baada ya kujifungua, na sonona ndiyo inayoongoza.

Hatua ya 1: Pima ni huzuni ya kawaida au ni sonona

Akina mama wengi, zaidi ya nusu, hupata huzuni ya siku za mwanzo. Huanza siku ya 2 au ya 3: machozi ya ghafla, hasira ndogondogo, wasiwasi, kisha dakika kumi baadaye anacheka. Hiyo hupita ndani ya wiki 2, na haihitaji dawa. Inahitaji usingizi, chakula cha moto na watu wasiomsema.

Sonona ni nyingine. Inapita wiki 2, au inaanza baadaye kabisa, mwezi wa pili, wa nne, hata karibu na mwaka. Dalili zake:

- huzuni au utupu karibu siku nzima, karibu kila siku;
- hapati raha na chochote, hata kile alichokuwa akikipenda;
- hapati usingizi hata mtoto akiwa amelala na mtu mwingine anamwangalia;
- hamu ya kula imekatika, au anakula bila kushiba;
- anajiona hafai, anasema mtoto angepata mama mwingine;
- anamwogesha na kumnyonyesha mtoto kama anayefua nguo, bila kumtazama;
- mawazo ya kutaka kufa au kutoweka.

Hiyo ya usingizi naiamini kuliko zote. Kila mzazi amechoka. Lakini mzazi wa kawaida ukimchukulia mtoto analala kabla hujafika mlangoni. Mwenye sonona anabaki macho anahesabu mabati.

Kliniki nyingine hutumia dodoso la Edinburgh, lililotungwa Uskoti mwaka 1987: maswali 10 kuhusu siku 7 zilizopita, jumla ya alama 30. Alama 13 na zaidi zinaashiria sonona, na hata 10 inatosha kumfuatilia mama kwa karibu. Swali la mwisho linauliza kuhusu kujidhuru. Jibu lolote lisilokuwa "hapana kabisa" linashughulikiwa siku hiyohiyo, hata kama alama nyingine ni ndogo.

Kuna jambo moja linalofanana na sonona na silo. Baadhi ya akina mama huingiwa na giza la ghafla, unyonge au kichefuchefu cha moyo, sekunde chache kabla maziwa hayajashuka, kisha linaondoka ndani ya dakika moja au mbili. Linarudi kila anaponyonyesha na katikati yuko sawa. Hilo ni jambo la mwili, linahusishwa na mabadiliko ya homoni wakati maziwa yanashuka. Mama akijua tu kwamba lina sababu na litapita, mara nyingi anapata ahueni nusu.

Upungufu wa damu na matatizo ya tezi ya shingo navyo huleta uchovu na unyonge unaofanana na sonona. Malaria vilevile, na Kigoma haituachi. Omba kupimwa.

Hatua ya 2: Jua yasiyosubiri kesho

Mama 1 au 2 kati ya 1,000 hupata kile ambacho mitaani kinaitwa kichaa cha uzazi. Huja kwa kasi, mara nyingi ndani ya wiki 2 za kwanza: halali kabisa na hajisikii kuchoka, anaongea maneno yasiyoshikana, anasikia sauti, anasema mtoto si wake au ametumwa. Watu husema mashetani, na safari inaanzia kwa mganga. Maombi hayagombani na hospitali, lakini hospitali itangulie, kwa sababu hali hii inaweza kuua mama, mtoto, au wote wawili. Tena kuchanganyikiwa baada ya kujifungua kunaweza kuwa maambukizi ya damu au kifafa cha mimba, hasa kukiwa na homa kali, kichwa kuuma sana au kuona maruerue.

La kufanya: mama asiachwe peke yake hata dakika moja, mtoto ashikwe na mtu mwingine, na waende kituo cha karibu usiku huohuo wapewe rufaa. Kwa mkoa wetu rufaa inaishia Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Maweni. Kijijini kwenye mwalo, mwenyekiti wa kitongoji ndiye anayejua boti ya nani ina mafuta.

Halafu kuna mawazo mengine ambayo mama hamwambii mtu. Yuko kwenye boti, mara inamjia picha ya mtoto akimponyoka majini. Anashtuka, anamkumbatia mtoto, moyo unamwenda mbio, anajiona muuaji. Mawazo ya namna hiyo yanayomtisha mwenyewe ni ya kawaida sana kwa wazazi wenye wasiwasi na sonona, na hayamaanishi atayatenda. Ayaseme kwa nesi. Hatari ni pale wazo lisipomtisha tena, anapoliona ni sahihi au ni agizo. Hapo ni hospitali sasa hivi.

Hatua ya 3: Yaangalie maziwa kwa macho

"Maziwa yako hayatoshi" ni kauli rahisi kutamka na ngumu kuibeba. Kabla hujaisema au kuikubali, hakiki:

Kuanzia siku ya 5, mtoto anakojoa mara 6 au zaidi kwa saa 24, mkojo mweupe. Choo kimetoka kwenye weusi kikawa cha njano. Akinyonya unasikia akimeza. Kupungua uzito siku za mwanzo, mpaka asilimia 7 hivi na isizidi 10, ni kawaida, na uzito wa kuzaliwa hurudi ndani ya takribani wiki 2. Haya yakiwapo, maziwa yanatosha, aseme nani aseme nini. Kulia peke yake si kipimo. Watoto hulia hasa jioni, wenye kushiba na wasioshiba. Titi kulegea baada ya wiki chache si kukauka. Limejipanga tu na mahitaji ya mtoto.

Haya yasipokuwapo, nenda kituo mtoto apimwe uzito na kadi ijazwe. Usianze na uji mwepesi wala dawa ya mchango.

Sasa namna ya kushika, maana hapa ndipo machozi mengi yanapoanzia. Mama akae ameegemea, mgongo umeshikwa na ukuta au mto, miguu imefika chini. Tumbo la mtoto liguse tumbo la mama. Mtoto asigeuze shingo kulitafuta titi. Pua yake ielekee chuchu. Gusisha chuchu kwenye mdomo wa juu, subiri afungue kinywa wazi kama anayepiga miayo, kisha umlete mtoto kwenye titi upesi. Usilipeleke titi kwa mtoto. Kidevu kizame titini, mdomo wa chini ugeukie nje, na ule weusi wa chuchu uonekane zaidi juu kuliko chini. Maumivu ya sekunde chache za mwanzo yanavumilika. Yakiendelea, ingiza kidole kisafi pembeni ya mdomo umwachishe, uanze upya. Usivumilie. Mama anayeuma meno kila mtoto anapoamka ataanza kumwogopa mtoto wake, na hofu hiyo ni mlango wazi wa sonona.

Chuchu zilizochanika zipakwe maziwa yenyewe, ziachwe zikauke hewani. Titi jekundu, gumu, lenye moto, na homa juu yake, ni la hospitali, na aendelee kunyonyesha.

Kuhusu chakula, wazee wa Ujiji hawakukosea: uji, supu, mchuzi wa migebuka, maharage, mboga zilizotiwa mawese. Mama anayenyonyesha anahitaji kula zaidi, anywe kila anaposikia kiu. Lakini usimlishe kwa amri. Sufuria ya mtori iliyosukumwa mbele ya mtu mwenye sonona huku akiambiwa "kula, mtoto atakufa njaa" haiongezi maziwa. Chakula kidogo mara nyingi, na mtu wa kula naye.

Hatua ya 4: Mpange mama alale

Kama una nguvu ya kufanya jambo moja tu katika mwongozo huu, fanya hili. Kukosa usingizi huchochea sonona, na ndilo jambo ambalo familia inaweza kulirekebisha kuanzia usiku wa leo bila senti.

Lengo ni mama apate usingizi usiokatika wa saa 4 hadi 5, mara moja kwa siku. Panga hivi. Saa tatu usiku anamnyonyesha mtoto mpaka aridhike, kisha anaingia kwenye chandarua, mlango unafungwa. Mtoto anabaki na bibi, na baba, au na shangazi. Akiamka, anabadilishwa nepi, anabembelezwa, anatembezwa sebuleni. Mara nyingi hicho tu ndicho alichotaka. Akiwa na njaa kweli, anapewa kwa kikombe maziwa aliyokamua mama mchana. Mama anaamshwa saa saba au saa nane, ananyonyesha, na zamu inaendelea. Kama titi limejaa mpaka linauma kabla ya muda huo, aamshwe anyonyeshe akiwa amelala ubavu, mtoto aondolewe akimaliza.

Kukamua: nawa mikono kwa sabuni, kanda titi taratibu, weka gumba juu na vidole chini nyuma ya weusi wa chuchu, sukuma kuelekea kifuani kisha bana na uachie. Tumia chombo kilichochemshwa chenye mfuniko. Kwa joto la Kigoma, maziwa yasiyo kwenye friji yasipite saa 4. Kikombe kidogo ni bora kuliko chupa, kinasafishika na hakimchanganyi mtoto. Mtoto akae wima, kikombe kiguse mdomo wa chini, alambe mwenyewe, usimmiminie.

Arobaini ingefaa sana hapa. Ilikusudiwa hivyo: mzazi akandwe, apikiwe, asishike jembe wala ndoo. Tatizo ni arobaini iliyogeuka msururu wa wageni, mzazi amekaa kitandani na kanga safi anapokea hongera mpaka saa mbili usiku. Mgeni wa mzazi afue nepi au achote maji, kisha aage. Awepo mtu mmoja mwenye mamlaka ya kusema "mzazi amelala" bila kuona haya. Mama mkwe anaiweza kazi hii kuliko yeyote.

Na mume mvuvi? Kazi ya dagaa ni ya usiku, kwa taa, kwenye giza la mwezi. Mwezi ukiwa mkubwa mitumbwi inapumzika na wanaume wako nyumbani. Usiku wa mbalamwezi uwe wa baba kumshika mtoto. Siku za giza, zamu iwe ya bibi au wifi. Nimeona familia zikilipanga hivyo bila kuandikiana ratiba yoyote, wanaangalia juu tu.

Tahadhari moja: mama aliyechoka kupindukia au aliyekunywa dawa za kusinzisha asilale na mtoto kitanda kimoja. Mtoto alale chali, mahali pagumu kidogo, bila mito, ndani ya chandarua, karibu na mkono wa mtu aliye macho.

Hatua ya 5: Maneno ya kusema, na ya kumeza

"Mbona wenzako wanazaa na wanacheka?" Meza. "Una mtoto mzima, unalia nini, utamkufuru Mungu." Meza hiyo pia. Jaribu hivi:

"Mwanangu, nakuona hulali. Tangu lini?"
"Tangu turudi, mama."
"Na ukiwa peke yako unawaza nini?"

Kisha nyamaza. Ukimya ndio mgumu, watu hukimbilia kutoa nasaha. Akisema anatamani kufa, usimkemee wala usimwapishe. Muulize kama amewaza namna ya kufanya hivyo. Kuuliza hakumpandikizii wazo. Kunakuambia ni haraka kiasi gani mnatakiwa kwenda hospitali. Dawa, viuatilifu vya shambani na kamba viondolewe karibu naye.

Kisha kuna kubemenda. Mtoto akikonda au akiharisha, pembeni kunanong'onwa kwamba mama kambemenda, amelala na mwanamume kabla ya wakati na maziwa yameharibika. Nimesikia maneno haya yakisemwa mama akiwa chumba cha pili, ukuta wa tofali moja, anasikia kila neno na mtoto yuko titini. Tendo la ndoa haliharibu maziwa. Mtoto anayekonda anahitaji mzani, kipimo cha malaria na mtu wa kuangalia anavyoshika titi. Ninaamini mila hiyo ilikuwa na busara yake, kumlinda mama asibebe mimba nyingine haraka, na kazi hiyo leo inafanywa na uzazi wa mpango. Anayenyonyesha achague njia isiyo na estrojeni katika miezi 6 ya kwanza, maana estrojeni inaweza kupunguza maziwa. Na akiona moyo umezama baada ya kuanza njia yoyote ya homoni, arudi aseme, kuna njia nyingine.

Hatua ya 6: Nenda kituoni, na useme haya

Mahudhurio baada ya kujifungua ni ndani ya saa 48, siku ya 7, ya 28 na ya 42. Yatumie. Nesi ana foleni, na akimwona mtoto amenona anaweza kuandika "mama na mtoto wanaendelea vizuri" na kuita mwingine. Kwa hiyo anza wewe: "Sista, nimekuja kwa ajili yangu. Wiki ya tatu sasa silali, nalia, na sina hamu na mtoto." Sentensi yenye muda na dalili haipuuziki kirahisi. Nenda na mtu. Kama kuna mhudumu wa afya ngazi ya jamii mtaani kwenu, mwambie akusindikize. Namba 199 ya Wizara ya Afya hupigwa bila malipo kwa atakayehitaji kuuliza kwanza.

Hofu kubwa ya watu ni neno Mirembe. Hospitali ya Mirembe, ya magonjwa ya akili, iko Dodoma, na mama mwenye sonona kwa kawaida hatafika huko. Anatibiwa akiwa kwake, analala kitandani kwake, anamnyonyesha mwanawe.

Sonona nyepesi hutibiwa kwa mazungumzo. Nchini Pakistan, utafiti uliotangazwa mwaka 2008 uliwatumia wahudumu wa kijijini, si madaktari, kuwatembelea akina mama na kuzungumza nao kwa mpangilio. Mtoto alipofika miezi 6, waliobaki na sonona walikuwa asilimia 23, dhidi ya 53 kwa wale ambao hawakupata mazungumzo hayo. Ni kazi ambayo mhudumu wetu wa jamii akifunzwa anaiweza.

Sonona ya kati na kali huhitaji dawa pia. Hapa ndipo mama huambiwa "basi mwachishe mtoto," hata na wahudumu wengine. Mara nyingi si lazima. Dawa za sonona hupita kwenye maziwa. La msingi ni kiasi. Sertralini hupita kidogo sana, na ndiyo inayopendelewa kwa anayenyonyesha. Amitriptilini, inayopatikana kirahisi zaidi kwetu, nayo hupita kidogo, ila inamsinzisha mama, hivyo inamezwa usiku na mtoto anashikwa na mwingine. Fluoksetini hukaa mwilini muda mrefu na mtoto hupata zaidi, kwa hiyo mtoto mchanga sana au njiti afuatiliwe kwa karibu. Lakini kama mama aliwahi kupona kwa dawa hiyo, kuna sababu ya kuirudia. Lithiamu, dawa ya kutuliza mabadiliko makali ya moyo, ni ya kuamuliwa na bingwa. Daizepamu za kununua dukani, hapana: zikirudiwarudiwa zinamlegeza mtoto, asinyonye vizuri.

Kabla ya kupewa dawa, mwambie daktari kama umewahi kupitia kipindi cha kuchangamka kupindukia, kukesha siku kadhaa na kutumia fedha ovyo. Hapo dawa ya sonona peke yake inaweza kukuharibia. Mwambie pia kama unatumia metoklopramidi ya kuongeza maziwa. Inaweza kuleta sonona, na mtu mwenye historia ya sonona anashauriwa aiepuke.

Dawa huanza kufanya kazi baada ya wiki 2 hadi 4. Wiki ya kwanza unaweza kuona kichwa kizito na hakuna nafuu, usiitupe. Ukipona, unaendelea angalau miezi 6, kisha unapunguza taratibu kwa maelekezo. Mtoto mwangalie: akisinzia kupita kawaida, akikataa titi au akiacha kuongezeka uzito, rudi. Sonona isiyotibiwa nayo humdhuru mtoto, kwa hiyo kukataa dawa si kumlinda.

Hatua ya 7: Kama kunyonyesha kutabidi kupungua au kuisha

Wapo ambao kila kunyonyesha ni mateso, na wapo wanaopewa dawa zisizolingana na kunyonyesha. Uamuzi huu ni wa mama akiwa na mhudumu, na ukishafanyika, watu wafunge midomo. Kuna njia za katikati: kunyonyesha mchana tu na usiku kumwachia mwingine kikombe, au kukamua bila kumweka mtoto titini. Hata mara mbili kwa siku ni maziwa ya mama. Kwa anayeishi na VVU ni tofauti. Yeye asichanganye maziwa yake na ya kopo kabla hajaongea na kliniki yake.

Akiacha, aache polepole, apunguze mnyonyo mmoja kila baada ya siku chache. Kukata ghafla huleta titi kuvimba na jipu, na kushuka kwa homoni kwa mara ya pili kunaweza kuidhoofisha hali ya moyo zaidi.

Mbadala kabla ya miezi 6 ni maziwa ya kopo ya watoto wachanga, si ya ng'ombe wala uji. Chemsha maji, yachanganye na unga yakiwa bado moto, nyuzi 70 au zaidi, kwa kipimo cha kijiko cha kopo hilohilo, poza, mpe kwa kikombe, na kinachobaki baada ya saa 2 kimwage. Piga hesabu ya makopo ya mwezi mzima kabla hujaanza. Kuongeza maji ili kopo lidumu ni kumnyima mtoto chakula.

Hatua ya 8: Baba, na kurudi kazini

Baba ana siku 3 za likizo kisheria, nazo huisha kabla maziwa hayajajaa vizuri. Kwa hiyo kazi yake ni jioni na usiku: maji, nepi, kuwazuia wageni, kumsindikiza mama kliniki na kumwambia nesi alichokiona, kwa sababu mama mwenyewe huficha. Wanaume nao hupata sonona mtoto akizaliwa. Akianza kunywa kupita kawaida au kukwepa nyumba, naye aulizwe.

Mama aliyeajiriwa ana siku 84 za likizo, 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na akirudi kazini ana haki ya hadi saa 2 kwa siku za kunyonyesha. Anayeanika dagaa hana mwajiri wa kumdai, ila kina mama wa mwalo mmoja wanaweza kumwekea kivuli na kushika kichanja chake wakati ananyonyesha. Asirudi juani siku za mwanzo kwa sababu tu msimu umeshika. Wiki ya dagaa atakayoikosa ni ndogo kuliko miezi ya sonona.

Ukishika mimba nyingine, sema kliniki kuanzia hudhurio la kwanza kwamba uliwahi kupata sonona. Aliyeipata mara moja yuko kwenye hatari zaidi kuipata tena, na mpango wa usiku wa Hatua ya 4 unapangwa kabla ya kujifungua: nani analala nyumbani wiki ya kwanza, nani ya pili, na nani atasema mlangoni kwamba mzazi amelala.